Mchezo Mmoja, Mashine Mia: Ugumu wa Kutengeneza Gemu la Vifaa Vingi

Mchezo wa video, au gemu kama vijana wengi wa Afrika Mashariki wanavyouita, ni programu ya kompyuta kama zilivyo programu za kuandikia barua au kutunzia hesabu, lakini hutofautiana nazo kwa jambo moja la msingi, nalo ni kwamba mchezo hauna ruhusa ya kuchelewa. Mara 30 au 60 katika kila sekunde, programu hiyo inapaswa kusoma vitufe vilivyobonyezwa, kukokotoa mahali alipo kila mhusika, kuamua nani kagongana na nani, kutoa sauti inayolingana na tukio, kisha kuchora picha nzima upya na kuipeleka kwenye kioo. Programu ya hesabu ikisita kwa nusu sekunde, mhasibu huenda asitambue. Mchezo wa mpira ukisita kwa muda huohuo, bao limekwisha kufungwa.

Kwa sababu ya sharti hilo la muda, mchezo hukamua nguvu yote ya mashine unamochezwa, na kwa kufanya hivyo hufungamana na tabia za mashine hiyo kwa karibu kuliko programu nyingine nyingi. Soko, kwa upande wake, linadai kinyume chake: mchezo uleule upatikane kwenye kompyuta ya mezani, kwenye konsoli, yaani mashine maalumu za michezo kama PlayStation, Xbox na Nintendo Switch, na kwenye simu za iPhone na za Android za kila bei. Kazi ya kuutoa mchezo kwenye mashine moja na kuufanya ukubalike kwenye nyingine huitwa uhamishaji, na watu wengi huidhania kuwa ni sawa na kunakili faili. Historia ya zaidi ya miaka 40 inaonyesha vinginevyo. Inaonyesha pia kuwa sehemu ngumu ya kazi hiyo si kuandika upya msimbo, yaani maagizo ambayo mashine huyafuata, bali ni kuamua mapema ni kifaa kipi dhaifu kabisa ambacho mchezo unakusudia kukihudumia, kwa kuwa uamuzi huo ndio unaopanga ukubwa wa ulimwengu wa mchezo, idadi ya wahusika wake na hata kanuni zake.

Somo la Pac-Man

Mfano wa awali na ulio wazi kuliko mingi ni wa Pac-Man, mchezo wa kampuni ya Namco ya Japani uliotolewa mwaka 1980 kwa ajili ya mashine kubwa za kumbi za michezo, ambapo mchezaji hukiongoza kinywa cha rangi ya njano kula vidonge ndani ya vichochoro huku kikifukuzwa na mizuka minne. Kampuni ya Atari ya Marekani ilipata haki ya kuupeleka mchezo huo majumbani kupitia konsoli yake ya Atari 2600, iliyoingia sokoni mwaka 1977, na kazi hiyo ikakabidhiwa mtaalamu mmoja, Tod Frye.

Konsoli hiyo ilikuwa imebuniwa kwa michezo ya watu wawili kupigiana mpira au kurushiana risasi, hivyo chipu yake ya picha ilijua kuchora vitu vitano tu vinavyotembea: wachezaji wawili, risasi mbili na mpira mmoja. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi, yaani mahali ambapo mashine huweka mambo inayoyashughulikia kwa wakati huo, ilikuwa baiti 128, nafasi isiyotosha hata kuhifadhi herufi za sentensi hii moja. Haikuwa na mahali pa kuiweka picha nzima kabla ya kuionyesha, kwa hiyo programu ililazimika kuichora picha mstari kwa mstari, ikikimbizana na mwali wa runinga uliokuwa ukishuka kutoka juu ya kioo kwenda chini. Mchezo wenye kinywa kimoja na mizuka minne haukuwa na nafasi ndani ya mipaka hiyo. Frye alizichora sura za mizuka kwa zamu, huu katika picha hii na ule katika picha inayofuata, akitegemea jicho la mtazamaji liziunganishe. Matokeo yake mizuka ilimetameta kama taa mbovu, vichochoro vilibadilika umbo na rangi zikatofautiana na zile ambazo watu walizizoea. Mchezo huo ulitoka mwaka 1982 na kuuzwa kwa mamilioni ya nakala, lakini wanunuzi wengi walivunjika moyo, na wanahistoria wa fani hii huutaja miongoni mwa mambo yaliyopunguza imani ya wateja kabla ya soko la Marekani kuporomoka mwaka 1983.

Itakuwa dhuluma kumtupia Frye lawama, kwa maana alichokifanya kwa baiti 128 kilikuwa cha ustadi mkubwa. Kosa lilikuwa katika matarajio kwamba mchezo uliobuniwa kwa mashine moja ungeweza kubaki vilevile kwenye mashine isiyofanana nayo kwa lolote, na matarajio hayo yameendelea kuwaponza watengenezaji hadi karne hii.

Jitihada za kuzificha tofauti

Wataalamu walitambua mapema kuwa kuandika mchezo upya kwa kila mashine ni gharama isiyobebeka, wakaanza kutafuta namna ya kuweka tabaka la kati litakalouficha mchezo usijue unaendeshwa na mashine gani. Mwaka 1979, waanzilishi wa kampuni ya Infocom ya Marekani, iliyotengeneza michezo ya hadithi za maandishi kama Zork, walibuni kile kinachoitwa mashine pepe, yaani kompyuta ambayo haipo kama chombo cha kushikika bali imeelezwa kwa programu. Hadithi ziliandikwa kwa lugha ya mashine hiyo ya kufikirika, na kila kompyuta mpya ilipoingia sokoni, kampuni ilihitaji kuandika programu moja tu ya kuitafsiri lugha hiyo, na hadithi zote zilizokwisha kuandikwa zikachezeka mara moja. Mbinu hiyo ilifaulu kwa sababu michezo ya Infocom ilikuwa ya maandishi matupu, na maandishi hayahitaji kasi.

Wazo hilohilo lilirudi kwa sura nyingine kwenye simu za mkononi baada ya mwaka 2000, wakati lugha ya Java ilipowekwa kwenye simu za Nokia, Siemens, Motorola na Sony Ericsson kwa ahadi kwamba programu ikiandikwa mara moja itafanya kazi kila mahali. Ahadi hiyo ilitimia nusu. Simu moja ilikuwa na kioo cha pikseli, yaani nukta za picha, 128 kwa 128, nyingine 176 kwa 208, nyingine 240 kwa 320. Baadhi ya simu za Nokia za Series 40 zilikataa faili la mchezo lililozidi kilobaiti 64. Simu za Nokia zilikitambulisha kitufe cha kushoto kilicho chini ya kioo kwa namba -6, ilhali za baadhi ya watengenezaji wengine zilikipa namba tofauti, kiasi kwamba mchezo uliofanyiwa majaribio kwenye chapa moja ungeweza kufika kwenye nyingine na kukosa njia ya kufungua menyu yake. Kampuni kubwa za michezo ya simu zililazimika kuandaa matoleo mengi ya mchezo mmoja, moja kwa kila kundi la simu, na uhamishaji wenyewe ukawa ajira inayojitegemea.

Leo tabaka la kati linaitwa injini ya mchezo, yaani mkusanyiko wa programu zilizokwisha kuandikwa za kuchora picha, kukokotoa migongano, kucheza sauti na kusoma vitufe, ambazo mtengenezaji hujenga mchezo wake juu yake. Unreal Engine ilianza mwaka 1998, Unity mwaka 2005, na Godot, ambayo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, ilifunguliwa kwa umma mwaka 2014. Kwa kutumia injini kama hizi, kijana mmoja mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuandika mchezo na kisha kuagiza utolewe kwa Windows, kwa Android na kwa iPhone, jambo ambalo zamani lilihitaji timu tatu.

Hata hivyo, injini huficha tofauti za mashine bila kuziondoa. Apple huitaka programu izungumze na prosesa ya picha, yaani chipu inayoshughulikia uchoraji peke yake, kwa lugha yake ya Metal iliyotolewa mwaka 2014. Windows na Xbox hutumia DirectX. Simu za Android hutumia OpenGL ES au Vulkan. Injini hutafsiri kutoka lugha moja kwenda nyingine, na mahali ambapo tafsiri inakosea, kivuli hugeuka cheusi tii au maji hupotea kwenye simu za aina moja tu. Zaidi ya hayo, mtengenezaji anayejenga juu ya injini ya mwingine hutegemea masharti ya mwenye injini. Mwezi Septemba 2023, kampuni ya Unity ilitangaza ada mpya ambayo ingehesabiwa kila mchezo unapowekwa kwenye kifaa, tangazo lililoamsha hasira kubwa miongoni mwa watengenezaji, na ada hiyo ikafutwa mwaka mmoja baadaye.

Muda na kumbukumbu

Picha moja kati ya zile zinazochorwa kila sekunde huitwa fremu. Mchezo wa fremu 60 kwa sekunde una takriban milisekunde 16.7 za kukamilisha kazi yote ya fremu moja, na wa fremu 30 una takriban milisekunde 33.3. Mchezo wa Doom wa mwaka 2016 ulipohamishiwa kwenye Nintendo Switch mwaka 2017 na kampuni ya Panic Button, kasi yake ilishushwa kutoka fremu 60 hadi 30, yaani chipu ya konsoli hiyo ndogo ilipewa muda maradufu wa kufanya kazi ileile, na bado ubora wa picha ulipunguzwa.

Kubadili kasi huleta hatari iliyofichika. Endapo mwandishi wa msimbo ameagiza kuwa jambo fulani litokee mara moja kwa kila fremu, badala ya mara kadhaa kwa kila sekunde, mchezo hubadilika tabia unapohamia kwenye mashine yenye kasi tofauti. Hilo lilidhihirika katika Dark Souls II, ambao toleo lake la kompyuta la mwaka 2014 lilikwenda kwa fremu 60 wakati yale ya konsoli za awali yalilenga 30. Wachezaji wa kompyuta waligundua kuwa panga zao zilichakaa kwa kasi ya takriban mara mbili, kwa sababu uchakavu ulikuwa ukihesabiwa kwa fremu. Tatizo la jamaa moja na hilo liliwahi kuzikumba nchi zilizotumia mfumo wa runinga wa PAL, zikiwemo nchi nyingi za Ulaya pamoja na Kenya na Tanzania. Runinga za PAL zilionyesha picha mara 50 kwa sekunde, ilhali za Marekani na Japani zilionyesha mara 60, na michezo mingi iliyoandikwa kwa mfumo wa pili ilipoletwa kwenye wa kwanza bila marekebisho ilitembea polepole kwa takriban asilimia 17, muziki wake ukiburuzika pamoja nayo.

Kumbukumbu nayo ina mipaka yake. PlayStation 3 ya mwaka 2006 na Xbox 360 ya mwaka 2005 zote zilikuwa na megabaiti 512 za kumbukumbu, lakini Xbox iliziweka mahali pamoja, mchezo ukagawa utakavyo, ilhali PlayStation 3 ilizigawa nusu kwa nusu, megabaiti 256 za kazi za jumla na 256 za picha. Mchezo uliobuniwa kwa kutegemea mgao huru ulijikuta unabanwa upande mmoja wakati upande wa pili una nafasi. Jumla ya kumbukumbu ilikuwa sawa, lakini mpangilio haukuwa sawa, na katika kazi hii mpangilio una uzito kama ulivyo wingi.

Mfano wa karibuni uliotikisa tasnia nzima ni wa Cyberpunk 2077 wa kampuni ya CD Projekt ya Poland, uliotoka tarehe 10 Desemba 2020 kwa kompyuta na kwa konsoli, zikiwemo PlayStation 4 na Xbox One za mwaka 2013. Mchezo huo unaonyesha jiji kubwa lililojaa watu na magari, ambalo haliwezi kuingia lote kwenye kumbukumbu kwa wakati mmoja, hivyo vipande vyake husomwa kutoka kwenye diski kadiri mchezaji anavyosogea na vilivyoachwa nyuma hufutwa. Konsoli za mwaka 2013 zilikuja na diski za kuzunguka, ambazo kichwa chake cha kusomea hulazimika kusogea kimwili kutafuta kila kipande, na mchezaji aliyeendesha gari kwa kasi aliweza kufika mtaani kabla mtaa wenyewe haujafika. Malalamiko yalikuwa mengi kiasi kwamba Sony iliuondoa mchezo huo kwenye duka lake siku chache baadaye na kuurejesha mwezi Juni 2021. Katika maelezo yao ya kuomba radhi mwezi Januari 2021, wakuu wa kampuni walieleza kuwa walilenga kwanza mwonekano wa kifahari kwenye kompyuta, kisha wakakusudia kuupunguza ili utoshe kwenye konsoli, na kwamba mfumo wa kusoma vipande vya jiji kwenye konsoli za zamani ndio uliokuwa chanzo kikuu cha matatizo.

Kwa upande mwingine, The Witcher 3, mchezo wa kampuni hiyohiyo wa mwaka 2015, ulihamishiwa Nintendo Switch mwaka 2019 na kampuni ya Saber Interactive, ukaingia wote kwenye kadi ya gigabaiti 32 na kupokelewa vizuri. Picha zake zilipunguzwa hadi mistari 540 mchezaji anapoishika konsoli mkononi, majani na vivuli vikapungua, lakini mpangilio wa ulimwengu wake uliweza kustahimili upunguzaji huo. Kwa hiyo mchezo unaotegemea picha nzuri unaweza kushushwa ubora na ukabaki mchezo uleule, ilhali ule ambao kanuni zake zenyewe zinategemea kasi ya diski au ya prosesa hauna cha kupunguzwa bila kuvunjika.

Bahari ya Android

Konsoli, pamoja na matatizo yake, zina fadhila moja: PlayStation 5 iliyoko Mombasa ina uwezo uleule na iliyoko Tokyo. Simu za Android hazina fadhila hiyo. Kampuni ya OpenSignal, katika ripoti yake ya mwaka 2015, ilihesabu aina 24,093 za vifaa vya Android vilivyopakua programu yake, kutoka aina 3,997 mwaka 2012. Vifaa hivyo hutofautiana kwa prosesa, kwa kumbukumbu, kwa umbo la kioo, kwa toleo la mfumo endeshi na kwa prosesa ya picha, ambayo inaweza kuwa Adreno, Mali au PowerVR, kila moja ikiwa na mapungufu yake.

Tofauti hizo hudai kazi mahali ambapo msomaji wa kawaida hapafikirii. Teksicha, yaani picha bapa zinazovishwa juu ya maumbo ili ukuta uonekane ukuta na ngozi ionekane ngozi, huhifadhiwa kwa njia za kubana ambazo prosesa ya picha inaweza kuzisoma bila kuzifumua, lakini si kila chipu inasoma njia zilezile. Mtengenezaji analazimika kuchagua njia ya zamani inayosomwa na wote na kupoteza ubora, au kuandaa mafurushi kadhaa ya picha na kuliachia duka lichague la kupeleka kwenye kila simu. Kuna pia suala la joto: simu haina feni, na ikichezewa mchezo mzito kwa dakika 10 au 20 hupunguza kasi yake yenyewe ili isiungue, hivyo mchezo uliokwenda vizuri wakati wa majaribio mafupi huanza kukwama mchezaji anapokaribia ushindi.

Katika Afrika Mashariki suala hili lina uzito wa pekee, kwa sababu simu nyingi zinazotumika ni za bei nafuu, zikiwemo Tecno, Infinix na itel zinazotengenezwa na kampuni ya Transsion ya China. Mmiliki wa simu kama hiyo hupima mchezo kwa vigezo ambavyo mtengenezaji wa California huenda asivifikirie: utakula bando kiasi gani kuupakua, utaacha nafasi ya picha na ujumbe wa WhatsApp, na utamaliza chaji kabla ya jioni au la. Free Fire, mchezo wa mapambano wa kampuni ya Garena ya Singapore uliotoka mwaka 2017, ulijibu maswali hayo tangu ulipobuniwa. Michezo mingine ya aina hiyo iliwaweka wachezaji 100 kwenye kisiwa kimoja kwa takriban nusu saa; Free Fire iliweka wachezaji 50 na kulifanya pambano limalizike ndani ya dakika kama 10. Wachezaji wachache humaanisha mambo machache ya kukokotoa na data chache ya kutuma, na pambano fupi humaanisha joto kidogo na chaji kidogo. Udhaifu wa simu uligeuzwa kuwa kanuni ya mchezo, na mchezo huo ukaenea kwa mamia ya mamilioni ya watu.

Watengenezaji wa Afrika walilazimika kuusoma ukweli huo mapema. Wesley Kirinya wa Kenya, aliyetengeneza Adventures of Nyangi, mchezo wa kompyuta wa vipimo vitatu uliotoka mwaka 2007, alishirikiana na Eyram Tawia wa Ghana kuanzisha kampuni ya Leti Arts mwaka 2009, nayo ikaelekeza nguvu zake kwenye simu, mahali ambapo wachezaji wa bara hili walikuwepo kwa wingi kuliko kwenye kompyuta za mezani.

Mkono wa mchezaji

Hata pale ambapo mashine mbili zina nguvu sawa, mikono inayozitumia haifanani. Mtu wa kompyuta ana kipanya, chombo kinacholenga kwa usahihi mkubwa, pamoja na kibodi yenye vitufe zaidi ya 80. Mtu wa konsoli ana pedi yenye vijiti viwili na vitufe visivyozidi 20. Mtu wa simu ana vidole gumba viwili juu ya kioo laini kisichompa hisia yoyote ya kitufe, na vidole hivyohivyo vinamziba macho asione sehemu ya mchezo. Mchezo wa kujenga miji unaofurahisha kwa kipanya hugeuka adhabu kwa kidole gumba, na namna pekee ya kuunusuru ni kupanga upya menyu zake zote.

Mambo madogo nayo huleta vurugu. Kwenye pedi ya Xbox, kitufe cha A kiko chini; kwenye ya Nintendo, A iko kulia, na mahali pa chini pana B. Kwenye PlayStation nchini Japani, kwa miaka mingi duara lilimaanisha kukubali na msalaba ukamaanisha kukataa, wakati Marekani na Ulaya ilikuwa kinyume, hadi PlayStation 5 ya mwaka 2020 ilipoufanya msalaba kuwa wa kukubali dunia nzima. Maelezo yote ya mchezo yanayosema “bonyeza hapa” hulazimika kujua pedi gani imeshikwa, na mchezaji akiibadilisha katikati ya mchezo, maelezo nayo yabadilike papo hapo. Maandishi yanayosomeka kwenye runinga ya sebuleni hayasomeki kwenye kioo cha inchi 6, na tangu simu zilipoanza kuwa na pengo la kamera juu ya kioo, kitufe kilichowekwa kwenye kona huweza kufunikwa kabisa.

Wachezaji wa vifaa tofauti wanapokutana katika pambano moja mtandaoni, tofauti hiyo ya mikono hugeuka swali la haki, kwa kuwa mwenye kipanya hulenga haraka kuliko mwenye kidole. Baadhi ya michezo huwasaidia wenye pedi na simu kwa kuuvuta mlengo kidogo kuelekea kwa adui, na mingine huwapanga wachezaji kulingana na chombo wanachotumia. Suluhisho zote mbili huzua ubishi usiokwisha, maana kila upande huamini kuwa mwingine umependelewa.

Maduka, ukaguzi na siasa za makampuni

Mchezo uliokamilika bado haujafika kwa mchezaji. Sony, Microsoft na Nintendo hukagua kila mchezo kabla ya kuuruhusu kwenye konsoli zao, na kila mmoja ana orodha yake ndefu ya masharti: mchezo ufanye nini pedi inapokatika, uonyeshe ujumbe gani wakati wa kuhifadhi maendeleo, uamke vipi konsoli ikitoka usingizini, na vitufe vitajwe kwa majina gani. Mchezo ukishindwa katika sharti moja hurudishwa, na timu ndogo iliyokwisha kutangaza tarehe ya kutoka hujikuta njia panda. Kurekebisha hitilafu moja baadaye humaanisha kuandaa sasisho kwa kila duka, na masasisho hayo hayapitishwi siku moja.

Zipo pia kuta ambazo hazina sababu ya kiufundi. Kwa muda mrefu wachezaji wa konsoli moja walizuiwa kucheza na wa nyingine ingawa mtandao uliweza kuwaunganisha. Mwezi Septemba 2017, wachezaji wa Fortnite wa PlayStation 4 na Xbox One walijikuta wanacheza pamoja kwa saa chache kutokana na mpangilio uliokosewa, jambo lililothibitisha kuwa kizuizi kilikuwa cha kibiashara. Baada ya shinikizo la mwaka mzima, Sony ilianza kufungua mlango huo tarehe 26 Septemba 2018. Mchezo huohuo uliondolewa kwenye maduka ya Apple na Google mwezi Agosti 2020, baada ya kampuni ya Epic Games kuweka njia yake ya malipo ili kuepuka mgao wa asilimia 30 uliokuwa ukichukuliwa na maduka hayo.

Kazi haiishi hata baada ya mauzo. Toleo la iOS 11 la mwaka 2017 liliacha kuendesha programu za zamani za biti 32, na michezo mingi ambayo wamiliki wake hawakuisasisha haikufunguka tena. Google Play nayo ilianza kudai matoleo ya biti 64 kuanzia Agosti 2019. Minecraft inaonyesha jinsi mzigo wa aina hii unavyorithiwa: toleo lake la kwanza liliandikwa kwa Java kwa ajili ya kompyuta, la simu lililotoka mwaka 2011 likaandikwa kwa C++, na mwaka 2017 matoleo ya simu, Xbox na Windows 10 yakaunganishwa kwa msingi huo wa pili. Hadi leo mchezo huo una matoleo mawili makuu ambayo baadhi ya mitambo inayojengwa ndani yake haifanyi kazi sawasawa, na mchezaji wa moja haingii katika ulimwengu wa mwenziwe wa lingine.

Njia zilizobaki

Kumekuwa na tumaini kwamba tatizo lote lingekwisha endapo mchezo ungeendeshwa kwenye seva, yaani kompyuta kubwa za mbali, na kifaa cha mchezaji kikapokea picha tu kama kinavyopokea filamu. Google ilijaribu njia hiyo kwa huduma ya Stadia iliyoanza Novemba 2019 na kufungwa Januari 2023, bila kuwahi kufika nchi yoyote ya Afrika. Filamu inaweza kuvuta akiba ya dakika nzima kabla ya kuonyeshwa. Mchezo hauwezi, kwa sababu picha inayofuata haijulikani mpaka mchezaji abonyeze kitufe. Kila amri husafiri kwenda kwenye seva na jibu lake kurudi, na pale ambapo seva ziko bara lingine na data hulipiwa kwa megabaiti, njia hiyo humwongezea mchezaji gharama badala ya kumpunguzia.

Kwa hiyo mtengenezaji amebaki na nidhamu ya kazi badala ya miujiza ya teknolojia. Timu inayojifunza kutokana na yaliyotokea hutenganisha tangu mwanzo sehemu ya msimbo inayohusu kanuni za mchezo na ile inayozungumza na mashine. Huhesabu muda kwa sekunde na kamwe si kwa fremu. Huandaa ngazi kadhaa za ubora wa picha. Na huutoa mchezo kwenye vifaa vichache kwanza, kisha kuongeza vingine kadiri mapato yanavyoruhusu. Kabla ya yote hayo, hukiweka mezani kifaa dhaifu kabisa inachokusudia kukihudumia na kuujaribu mchezo juu yake kila wiki, badala ya kukikumbuka mwezi wa mwisho. Kwa watengenezaji wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, nidhamu hii si ngeni, kwa kuwa simu ya bei nafuu ndiyo iliyoko mikononi mwa wateja wao na mara nyingi mikononi mwao wenyewe. Mchezo unaokwenda vizuri kwenye simu hiyo unaweza kuongezewa picha na sauti ili upande hadi kwenye konsoli, lakini historia kuanzia Pac-Man hadi Cyberpunk inaonyesha kuwa safari ya kushuka ina gharama kubwa zaidi, na mara nyingi anayelipa gharama hiyo ni mteja aliyekwisha kutoa fedha yake.